Ukimwambia mgonjwa apunguze chumvi, mwambie na ladha aitoe wapi

Mgonjwa wa presha huambiwa “punguza chumvi”, na mara nyingi ushauri huishia hapo. Anakula mboga isiyo na ladha siku tatu. Ya nne anarudi kwenye kopo la chumvi. Wapishi wa Afrika Magharibi walikuwa na jibu lao tangu zamani, na inasikitisha kuona baadhi yao wakilionea aibu.

Jibu hilo huitwa soumbala Mali na Burkina Faso, dawadawa kwa Wahausa, iru kwa Wayoruba na nététou Senegal. Hutengenezwa kwa mbegu za mti ambao wataalamu huuita Parkia biglobosa, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya wanawake. Mbegu huchemshwa kwa saa nyingi, maana maganda yake ni magumu. Kisha hutwangwa au kukanyagwa ili maganda yatoke, huoshwa, huchemshwa tena, halafu hufunikwa ndani ya kibuyu au kikapu kwa siku mbili au tatu. Humo bakteria wa jamii ya Bacillus huvunjavunja protini, na ladha nzito ya nyama hujitokeza bila nyama. Hutoka pia amonia, na ndiyo chanzo cha ile harufu. Ni kali kweli: ukisafiri nayo, basi zima litajua.

Kinachonivutia mimi ni kwamba mbegu hizi hazihitaji chumvi ili zichachuke. Mpishi akitia kijiko cha iru kwenye mchuzi wa bamia, anaweza kupunguza chumvi na watoto wasilalamike.

Lakini siku hizi nafasi yake imechukuliwa na vile vipande vya viungo vya kiwandani, hivi hivi vilivyojaa madukani kwetu. Simlaumu mama anayevinunua. Ni rahisi, na havihitaji kuni za kuchemshia usiku kucha. Ila mara nyingi nusu ya uzito wa kipande, au zaidi, ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Vipande vitatu sufuriani, na chumvi ya kawaida juu yake, tayari mmekaribia mpaka au mmeuvuka.

Wanaoiuza soumbala kama dawa ya presha nao siwaungi mkono. Ukiitia pamoja na vipande vilevile na chumvi ileile, hujapunguza kitu. Na usidhani kila kilichochachushwa kina chumvi kidogo: guedj, samaki wa Senegal anayechachushwa na kukaushwa, mara nyingi hutiwa chumvi. Hata iru ya sokoni wengine huitia ili isiharibike. Muulize muuzaji, na uioshe kabla ya kupika. Chumvi kidogo utakayobaki nayo iwe yenye madini joto, na vidonge ulivyoandikiwa na daktari usiviache.

Kwa wahudumu wa kliniki, iwe Bamako au hapa kwetu, ombi langu ni dogo. Kabla ya kumwambia mgonjwa apunguze chumvi, muulizeni anatia nini kwenye mchuzi. Wengi watataja chumvi tu. Vile vipande hawavihesabu.