Hati ya nyumba si mtaji wa fulana

 

Ndugu msomaji, Ijumaa mbili zilizopita, baada ya sala, mzee mmoja jirani yangu alinishika mkono, tukatoka naye taratibu mpaka nje ya uzio wa msikiti. Kijana wake, aliyemaliza kidato cha sita miaka minne iliyopita, anachora na kuchapa fulana na sweta zenye kofia, anazitia nembo yake mwenyewe, na kuziuza kwa vijana wenzake kwa njia ya simu. Biashara inakwenda. Sasa anataka kuikuza: anunue mashine yake ya kuchapia, achukue majora ya kitambaa Kariakoo badala ya fulana tupu za rejareja, na apange fremu ya duka. Benki imekubali kumkopesha, kwa riba, iwapo hati ya nyumba ya wazazi itawekwa dhamana. Mama amekwisha kukubali. Baba bado.

“Ustadhi,” aliniambia, “kwanza nieleze kama kazi yenyewe ni ya halali, maana mimi naiona ni mambo ya wahuni. Kisha nieleze kuhusu hati.”

Nilimjibu machache pale pale. Lakini najua kuwa si yeye peke yake mwenye swali hili, kwani vijana wetu wengi leo wanatamani kuwa na chapa zao za mavazi ya mtaani. Kwa hiyo nimeona nimjibu kwa kirefu katika safu hii.

Kuhusu uhuni, nasema wazi kwamba wazee tumewadhulumu vijana hawa. Kofia iliyoshonwa kwenye sweta haijawahi kumtoa mtu katika Uislamu. Kuuza nguo ni kazi waliyoifanya wabora wa umma huu. Sayyidna Abubakar (RA) alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na imepokewa kwamba hata baada ya kupewa ukhalifa alionekana akielekea sokoni na nguo zake mabegani, mpaka Sayyidna Umar na Abu Ubayda (RA) wakamzuia na akapangiwa posho ili ashughulikie mambo ya Waislamu. Sayyidna Uthman (RA) naye aliuza nguo. Imam Abu Hanifa, mwanachuoni ambaye mamilioni wanaifuata madhehebu yake, alikuwa na duka la vitambaa katika mji wa Kufa.

Wala kutia nembo na maneno juu ya kitambaa si jambo lililoletwa na vijana wa leo. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara Mwislamu aliyeanza kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19, alizitia kanga zake alama ya K.H.E. pamoja na maneno Mali ya Abdulla, ili mnunuzi ajue kanga aliyoishika imetoka kwa nani. Bibi zetu waliijua alama ile na waliiamini. Kijana anayechapa jina lake kwenye fulana anafanya jambo lile lile. Sharti ni kwamba asichape matusi, wala picha za kuvunja heshima, wala maneno asiyoyaelewa maana, na kwamba nguo yake isimvue mvaaji stara.

Hilo la kwanza limekwisha. Tuje kwenye hati, maana hapa ndipo penye moto.

Mzee alinieleza kwamba mwanawe aliwashawishi kwa kisa cha Mmarekani mmoja ambaye mama yake aliweka nyumba rehani, na leo ni tajiri. Kisa hicho ni cha kweli. Mtu huyo ni Daymond John, ambaye mwaka 1992 alianzisha pamoja na rafiki zake chapa ya FUBU katika mtaa wa Hollis, Queens, jijini New York. Mama yake alichukua mkopo wa dola 100,000 kwa dhamana ya nyumba yao, na nyumba ile ikageuzwa kiwanda cha kushonea.

Hata hivyo, kijana wetu amesimulia kipande tu. Kabla ya mkopo ule, Daymond John alianza kwa kushona kofia nyumbani na kuziuza mtaani, na siku moja alirudi na dola 800. Alikuwa akihudumu katika mgahawa wa samaki ili apate chakula, na mara kadhaa aliisimamisha biashara kwa kukosa fedha, kisha akaianza tena. Alikuwa na jezi 10 tu ambazo kwa takriban miaka miwili aliwaazima wasanii wazivae katika video zao, kisha akazichukua na kumwazima mwingine, hata watu wakadhani ni kampuni kubwa. Walipokwenda kwenye maonesho ya mavazi Las Vegas, walirudi na oda za dola 300,000. Hapo ndipo nyumba ilipowekwa rehani, kwa ajili ya kushona nguo ambazo wanunuzi walikwisha kuziagiza.

Na hata kwa oda zote hizo, fedha zile ziliwaishia. Yeye mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi walivyokaribia kupoteza kila kitu, mpaka mama yake alipotoa tangazo gazetini kutafuta mtu wa kuwapa mtaji. Wengi waliopiga simu, kwa maelezo yake, walikuwa wakopeshaji wa riba ya kukaba shingo. Kilichowaokoa ni kitengo cha nguo cha kampuni ya Samsung, ambacho kilikubali kuwatengenezea na kuwasambazia. Lau simu ile moja isingepigwa, kisa hiki kisingesimuliwa na mtu yeyote. Akina mama ambao nyumba zao zilipigwa mnada hawaalikwi kwenye televisheni.

Uko mfano mwingine ambao vijana hawapendi kuutaja. Mwaka 1993 Mjapani anayejulikana kwa jina la Nigo alianzisha chapa ya A Bathing Ape katika eneo la Harajuku, Tokyo. Alianza kwa kuchapa fulana chache sana, akigawa nyingine kwa marafiki. Chapa ikavuma duniani, maduka yakaongezwa nchi hadi nchi. Mwaka 2011 iliuzwa kwa kampuni ya I.T ya Hong Kong kwa kiasi cha dola milioni 2.8 tu, kwa sababu ilikuwa imeelemewa na madeni. Uchache wa fulana haukuiangusha.

Mzee wangu, huo ni upande wa dunia. Upande wa dini unaujua kuliko mimi: riba ni miongoni mwa madhambi makubwa, na hakuna mwanachuoni anayeihalalisha kwa ajili ya kufungua duka la sweta. Ninayoyasema yote haya ni ili kijana asidhani kwamba dini inamfungia mlango ambao akili ya biashara ingemfungulia.

Milango ipo. Muhajirina walipofika Madina, Abdurrahman bin Auf (RA) aliunganishwa udugu na Saad bin Rabii (RA), tajiri wa Kiansari, ambaye alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aoneshwe soko lilipo. Akaanza na siagi na jibini. Alipewa nusu ya mali ya mtu kwa ridhaa na mapenzi, akachagua soko. Nasi tuna kijana ambaye soko keshalijua na bado anaomba nyumba.

Mlango ulio wazi zaidi kwake ni ule anaoutumia bila kuujua jina. Vijana wenye chapa hizi hutangaza mchoro, wateja hulipa kwanza, kisha nguo hushonwa. Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla hazijavunwa, kwa mwaka, miwili au mitatu. Hakulivunja jambo hilo. Aliliwekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, fedha yote hulipwa pale pale mkataba unapofungwa. Ukiupenda mlango wa istisnaa, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, mabwana wa Kihanafi wameuruhusu tangu zamani, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992 liliupitisha, pamoja na kuruhusu malipo ya awamu.

Tuchukulie kwamba fulana tupu ni shilingi 9,000, kuchapa 4,000, mfuko na usafiri 1,000. Jumla ni 14,000, naye anauza 25,000. Watu 40 wakilipia kabla, ana shilingi 1,000,000 mkononi, anatumia 560,000, na faida ni 440,000 bila kumdaiwa mtu senti. Faida hiyo pekee inatosha gharama ya fulana 31 za toleo linalofuata. Ni mwendo wa kobe, nakiri. Mashine itachelewa mwaka au miwili. Lakini kila fulana ina mwenyewe kabla haijashonwa, na hakuna mzigo wa kulala stoo ukila kodi ya fremu.

Ila hapa lazima niseme jambo ambalo mzee hakulijua, na nimepata ridhaa ya kijana kulieleza. Ramadhani iliyopita alipokea fedha za watu 23 kwa ajili ya sweta za Idi. Zilifika siku 11 baada ya Idi. Mjukuu wangu alikuwa mmoja wao. Alikaa kibarazani siku ya Idi akiitazama simu. Kijana anasema fundi ndiye aliyemchelewesha. Nilipomuuliza zaidi, akakiri kwamba sehemu ya fedha zile alikwisha kuzitumia kulipia picha za matangazo, akangoja apate nyingine ndipo amlipe fundi. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Fedha ya salam ina muda ndani yake, na muda ule ni haki ya mnunuzi kama ilivyo nguo yenyewe. Katika salam na istisnaa, mteja aelezwe kitambaa ni pamba tupu au kimechanganywa, uzito wake gramu ngapi kwa mita ya mraba, saizi kwa sentimita, na tarehe. Tarehe ikipita bila nguo, arudishiwe fedha yake akitaka, bila kuombwa subira kwa aya na hadithi.

Ambaye hajaweza kuzilinda shilingi za watu 23, mkopo wa mamilioni utamfanyia nini?

Suala jingine ni uchache. Chapa ya Supreme, iliyofungua duka lake la kwanza New York mwaka 1994, ilijengwa juu ya desturi ya kutoa nguo kidogo kidogo, na vijana wakapanga foleni mitaani. Nimeulizwa kama hiyo ni ihtikari, yaani kuficha bidhaa ili bei ipande. Rai yangu ni kwamba siyo. Wanavyuoni walilikemea jambo hilo katika yale ambayo watu wakiyakosa wanadhurika, na hakuna aliyekufa kwa kukosa sweta. Kushona 40 ukasema ni 40 ni ukweli. Kuandika kwamba zimebaki 3 wakati stoo kuna 60 ni udanganyifu, na kuwapanga marafiki wajifanye wanagombania kununua ni najashi iliyokatazwa waziwazi. Imam Abu Hanifa alimpa mshirika wake nguo yenye kasoro na kumwagiza amweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, na mnunuzi hakupatikana tena. Imam aliitoa sadaka thamani ya bidhaa zile zote. Mwenye chapa akikuta mshono wa begani umefumuka katika toleo zima, anajua la kufanya.

Kuhusu kusajili nembo, asichelewe. Tanzania Bara kazi hiyo hufanywa na BRELA, na usajili hudumu miaka 7 ya kwanza kisha huhuishwa kwa miaka 10. Zanzibar ina wakala wake. Na asiibe nembo ya mwenzake kwa hoja kwamba mwenyewe yuko Ulaya. Zaka ya bidhaa, mali ikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, ni asilimia 2.5 ya thamani yake sokoni, pamoja na zile zilizolala stoo.

Iwapo wazazi wanataka kumsaidia, nasema wamsaidie, tena kwa fedha wanayoweza kuipoteza na bado wakalala ndani mwao. Waingie mudharaba: wao watoe mtaji, yeye atoe kazi, wagawane faida kwa kiwango walichokubaliana, na hasara isiyotokana na uzembe wake iwe juu ya mtaji. Waandike. Qur'ani imeamuru deni liandikwe na mashahidi wawepo, nasi tunaona haya kuandikiana na watoto wetu, kisha hatuoni haya kugombana nao mbele ya mjumbe.

Juzi kijana alinijia nyumbani na daftari la majina 23. Amekwisha kuwapitia 14 kuwaomba radhi, na wawili amewarudishia fedha. Mjukuu wangu hakutaka fedha; alitaka kujua toleo lijalo litakuwa la rangi gani. Mama yake kijana bado anaamini kwamba benki ndiyo njia ya mkato, na hati iko kwake. Miadi yao ni Jumatatu saa nne asubuhi. Mzee ameniomba niende nyumbani kwao Jumapili baada ya Alasiri, nami, inshaAllah, nitakwenda na gazeti hili mkononi.

Wallahu aalam.