Kitini kikikosea, mwanafunzi ndiye anafeli

Wandugu, nimerudi. Wikiendi nilikuwa Ruanda. Kabla hujafikiria Kigali, nasema Ruanda ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye kahawa. Nilikwenda kusalimia wazee, nimerudi na hasira.

Binamu yangu anasoma kompyuta chuo fulani. Likizo hii akaandika kiprogramu kwa lugha ya C cha kujumlisha kilo za kahawa za wakulima. Akaingiza 20,000, akaongeza 15,000. Kompyuta ikajibu: -30,536. Yaani wakulima ndio wanadaiwa kahawa! Mzee akacheka, akasema kumbe hata mashine zimeshajifunza ukarani.

Tukakifungua kitini chake. Kinasema namba ya aina ya int inachukua baiti 4, kwa hiyo inavuka bilioni 2. Kwa kompaila nyingi za leo ni kweli. Lakini kompaila wanayofundishiwa ni Turbo C ya Borland, iliyotoka mwaka 1987. Humo int ni baiti 2, mwisho wake 32,767. Ukipita hapo, hesabu inageuka hasi. Kijana hakukosea, kitini ndicho kilichokosea.

Kurasa chache mbele kinamfundisha kutumia gets, ambayo haiangalii urefu wa maandishi yanayoingia. Mwaka 1988 programu korofi ya Morris ilipenya kwenye mashine za watu ikitumia, pamoja na njia nyingine, udhaifu huohuo. Mwaka 2011 gets ikafutwa kwenye kanuni rasmi za C. Kitini hakina habari.

"Ulimwambia mwalimu?"

"Nilimwambia, kaka. Akasema niandike kama kitini kinavyosema, maana ndicho kinachosahihishia mtihani."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Kukosea si aibu. Dennis Ritchie, aliyebuni C yenyewe, na mwenzake Brian Kernighan waliweka hadharani orodha ya makosa ya kitabu chao, toleo la 2 la mwaka 1988. Donald Knuth amejulikana kwa kutoa zawadi ya dola 2.56 kwa kila anayemwonyesha kosa kitabuni mwake. Heshima yao imepungua wapi? Sisi ukionyesha kosa unaulizwa: wewe nani?

Najua mtasema mwalimu ana wanafunzi wengi, mshahara mdogo, muda wa kuandika kitini upya hana. Sikatai. Lakini simwombi kitini kipya. Naomba karatasi moja ya masahihisho, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Gharama yake ni fotokopi moja.

Na mtasema: nyie waandishi je? Hapo mmenipata. Gazeti letu likikosea ukurasa wa kwanza, tunasahihisha ndani, kwa herufi za sisimizi, chini ya tangazo la mnada. Mwaka 2017 vitabu vya shule za msingi vilipokutwa na makosa hadi Bunge likachachamaa, magazeti yalipiga kelele kweli. Ya kwetu tunayafunika.

Mwanafunzi aliyefundishwa kunyamaza mbele ya kitini ndiye kesho atakayeandika programu ya mizani ya kahawa au ya mishahara yetu. Siku hiyo namba hasi itatokea mbele yake, naye atafanya alichofundishwa: atanyamaza.

Binamu yangu amekwishaandika masahihisho yake, kurasa 2 kwa mkono. Chuo kikifunguliwa anayabandika mwenyewe. Nimemwambia wakiyabandua, abandike tena.