Kasongo-Kabambare: Kompyuta ya afya inahesabu chanjo, haiwaoni wahami

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya hukaa na daftari zake na kujumlisha: malaria, kuharisha, utapiamlo, akina mama waliojifungua, watoto waliochanjwa. Hesabu hizo anaziandika kwenye fishi ya kurasa nyingi. Fishi inapelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya, iwe Kasongo, Kabambare, Lusangi au Saramabila, na huko inaingizwa katika DHIS2, programu ambayo Kinshasa inaitumia kufuata zoni zote 519 za nchi.

Programu hiyo ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe. Ni ya bure, na kila nchi inaweza kupanga yenyewe maswali na namna majibu yanavyoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Kwa hiyo lawama isitupwe Ulaya. Mipango hiyo inafanyika mbali na vituo, na hapo ndipo wahami wa kusini mwa Maniema wanapopotea.

Chukua mfano wa kijiji kinachotarajiwa kuchanja watoto 40 kwa mwezi. Risasi zinasikika upande wa Salamabila, familia zinakimbia, na kituo kinajikuta kimechanja watoto 52. Kompyuta inaandika asilimia 130 na kuweka rangi ya kijani. Wakubwa wanafurahi. Lakini kama 20 kati ya hao ni watoto wa wahami, wenyeji waliochanjwa ni 32 tu. Wanane wamebaki bila sindano na hakuna anayewatafuta. Kule familia zilikotoka mambo yamegeuka: asilimia imeanguka, rangi ni nyekundu, na muuguzi anaulizwa kwa nini hafanyi kazi, wakati watoto wake wako mbali na nyumbani. Makosa mawili, na hakuna aliyedanganya.

Hata hiyo 40 ina mashaka. Sensa ya mwisho ya nchi ilifanyika mwaka 1984, na tangu hapo watu wanakadiriwa. Katika eneo ambalo kijiji kizima kinaweza kuhama kwa usiku mmoja, asilimia haifai kuonyeshwa peke yake. Iwekwe pamoja na hesabu kamili: wenyeji wangapi, wahami wangapi, na kila kundi kwenye mstari wake. Asilimia ikipita 100, rangi isiwe ya kijani. Iwe rangi ya kuuliza.

Hili si jambo la urembo wa kompyuta. Surua iliyoanza mwaka 2019 iliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu, wengi wao watoto. Ugonjwa huo unawatafuta wale wale wanane ambao rangi ya kijani imewaficha.

Kuna hatari nyingine ya kuangaliwa. Kuuliza mhami ametoka kijiji gani, katika eneo lenye makundi ya silaha, si swali dogo. Jina lake libaki kwenye daftari la kituo. Kinachopanda juu kiwe hesabu tu. Mama akiogopa swali, hatarudi kwa chanjo ya pili.

Tena, kazi ifanyike hata mtandao ukikatika. Aliyeandika 500 badala ya 50 aulizwe papo hapo, si baada ya miezi mitatu. Na maneno yawe yale ambayo wauguzi wanatumia kila siku. Haya yote yanawezekana tayari katika programu hiyo hiyo. Yanangoja mtu wa kuyapanga.

Kasongo haipaswi kufundishwa thamani ya takwimu. Katika miaka ya 1970, mradi wa afya uliofanywa hapa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulifuata watoto kwa karatasi na kalamu, na mwaka 1981 matokeo kuhusu chanjo ya surua yalitoka katika jarida la The Lancet. Waliokusanya hesabu walizitumia. Leo muuguzi anatuma, na mara nyingi hakuna kinachomrudia. Zanzibar walijaribu njia nyingine: watu wa wilaya walikutanishwa mara kwa mara kusoma takwimu zao wenyewe na kukosoana, na ubora wake ulipanda.

Wakuu wa zoni za Kasongo na Kabambare wanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa. Wachapishe ukurasa mmoja kwa kila kituo, kila mwezi, wenye hesabu za wenyeji na za wahami, na urudi na pikipiki ile ile inayoleta fishi. Kabla ya kuuchapisha, wauonyeshe kwa wauguzi wa vituo vya mbali na kwa akina mama wahami wachache, wawaulize wanaona nini kimekosekana.