Kifua kikuu: kwa nini wanaume wanaugua zaidi?

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu (TB). Asilimia 55 walikuwa wanaume, asilimia 33 wanawake, waliobaki ni watoto.

Jibu la haraka ni sigara, pombe, migodi na kuchelewa kwenda kituo cha afya. Ni kweli, lakini mwili wenyewe nao unachangia. Jeni nyingi zinazosimamia kinga ziko kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, mwanaume moja. Kisha kuna homoni: estrojeni kwa kawaida huichangamsha kinga, testosteroni huipoza. Panya dume wa maabara waliohasiwa kisha wakaambukizwa TB waliishi muda mrefu kuliko madume wenzao. Na kwa watoto wadogo, wa kike na wa kiume hukaribiana. Pengo hupanuka baada ya balehe.

Mama, usijione umekingwa. Hatari huongezeka miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na wengi hudhani ule uchovu ni wa kunyonyesha tu.

Asubuhi kliniki yetu hujaa akina mama na watoto. Wanaume nawakuta kijiweni, wanakohoa na kusema ni vumbi la barabarani. Siku hizi navibeba vikopo vya makohozi hadi hukohuko, jioni. Ukikohoa wiki mbili, pima. Kipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali.