Mogadishu ni karibu, Dranya ni mbali

Jamaa nyingi za askari huamini kwamba aliyeko ng'ambo ndiye aliye mbali, na aliyekwisha kutua Entebbe amekwisha kufika nyumbani. Imani hiyo huleta masikitiko, hasa nyumba inapofikwa na ugonjwa au msiba.

Tangu Machi 2007, askari wa Uganda wamekuwa wakipelekwa Somalia kulinda amani chini ya Umoja wa Afrika. Kutoka Entebbe hadi Mogadishu, kwa mstari ulionyoka, ni kilomita zipatazo 1,450. Ndege kubwa ya jeti huenda kiasi cha kilomita 800 kwa saa. Mwenye kalamu na agawe umbali kwa mwendo, kisha aongeze nusu saa ya kupaa na kutua: atapata saa mbili na dakika ishirini hivi. Saa za Uganda na za Somalia ni zile zile, ingawa jua huwachomozea watu wa Mogadishu karibu saa nzima kabla ya watu wa Dranya.

Sasa na itazamwe safari ya pili. Kutoka Entebbe hadi Arua, kwa mstari ulionyoka, ni kilomita 375 tu. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa huhitaji kama saa moja na nusu. Lakini nauli yake ni kubwa, na wengi husafiri kwa basi. Barabara kutoka Kampala haiendi moja kwa moja, hufuata madaraja. Huvuka Mto Naili katika Karuma, kisha huelekea magharibi na kuuvuka tena katika Pakwach, ndipo ipande kwenda Nebbi na Arua. Hivyo huwa karibu kilomita 500. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari yalilazimika kuzunguka, na saa za safari zikaongezeka. Kutoka Arua hadi Koboko zipo kilomita nyingine zaidi ya 50, na kutoka hapo msafiri hutafuta pikipiki ya kumfikisha Dranya.

Basi, askari anayeondoka Mogadishu saa mbili asubuhi aweza kuwa Entebbe kabla ya saa tano. Akishakaguliwa hati na mizigo, akafika Kampala na kupata basi la jioni, ataingia Dranya asubuhi ya siku ya pili. Amekata kilomita 1,450 kwa muda wa asubuhi moja. Sehemu ndogo iliyobaki imemla mchana na usiku kucha.

Hesabu hii ina faida nyumbani. Wazee wanaomngoja mwana ili amzike mzazi wake wasipange mazishi kwa saa ya ndege kutua, bali kwa saa ya basi kufika. Naye askari asitoe ahadi ya saa. Ataje siku, na apige simu afikapo Pakwach. Mwenye likizo ya siku kumi na ajue kwamba mbili kati yake ni za njiani, moja ya kuja na moja ya kurudi. Nauli ya kutoka Entebbe hadi mlangoni iwekwe kando tangu mwanzo, isichanganywe na fedha za zawadi; wako wanaofika Kampala wamebeba mablanketi mazuri, wakakosa nauli ya kuyafikisha.

Akina mama wawafundishe watoto hesabu hii kwa ramani na uzi. Mtoto aupime uzi kutoka Entebbe hadi Mogadishu, kisha kutoka Entebbe hadi Koboko, halafu aandike saa kando ya kila uzi. Ataelewa kwa nini baba aliyesema yuko Entebbe hakuonekana usiku ule, na atalala bila kulia.