Anayebaki kazini si lazima awe ameridhika

Saa kumi na moja alfajiri, simama pale kivuko cha Likoni. Utaona watu wanaoweza kuifuata njia hata wakifumba macho. Wamevuka hivyo miaka kumi, kumi na tano, kwenda kazi ile ile. Tunawatazama tukisema: alhamdulillahi, hao wana kazi.

Mimi nimeanza kuitilia shaka kauli hiyo.

Tangu makontena yaanze kupanda SGR Januari 2018, mjadala wetu umekuwa juu ya waliopoteza kazi: madereva wa malori, makuli, mafundi wa gereji za Changamwe. Ni haki tuwasemee. Hata Septemba 2022, Rais William Ruto alipoagiza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, tulichohesabu ni ajira zitakazorudi. Waliobaki kazini hatukuwauliza hali zao.

Mwaka 1973, watafiti wawili wa Marekani, Vincent Flowers na Charles Hughes, waliligeuza swali. Hawakuuliza kwa nini watu huacha kazi, waliuliza kwa nini hubaki. Mfanyakazi, walisema, ni kama kitu kilichotulia: hakisogei mpaka kisukumwe. Wapo wanaobaki kwa kuipenda kazi. Wapo pia walioichoka zamani, ila wamefungwa na umri, familia na malipo. Kwa mwajiri anayehesabu vichwa tu, wote ni sawa.

Mzee mmoja jirani yangu aliniambia, "Nikiacha mwenyewe, mwanangu, miaka yangu naiwacha getini." Ana hoja. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa anayepunguzwa kazini mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Anayejiuzulu hana dai hilo. Basi mzee anangoja kupunguzwa. Magoti yamekwisha, moyo haupo tena, lakini anangoja.

Kijana wa Kisauni hana hata miaka ya kuilinda. Ni kibarua wa siku, mwaka wa nne sasa. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Lakini anaogopa kuuliza. Na akikosa siku moja kwenda kutafuta kwingine, siku hiyo haina ujira, na kesho nafasi yake ina mtu.

Kwa hivyo tuache ule wimbo kwamba watu wa Pwani hawana hamu ya kusonga mbele. Mtu anayepiga hesabu na kuona kila mlango una hasara si mvivu.

Kwako kijana: weka kumbukumbu ya siku zako, hata ni ujumbe wa malipo kwenye simu. Ikija siku ya kudai, huo ndio ushahidi wako. Ujuzi ulioupata kazini upeleke kwenye mitihani ya ufundi ya NITA, upate cheti utakachoondoka nacho. Vyama vya wafanyakazi navyo vidai haki ya miaka ya anayeondoka kwa hiari, si ya anayefukuzwa peke yake.

Na sisi majirani, tukikutana jioni tukirudi feri, tusimuulize mtu kama bado yuko kazini tu. Tumuulize pia kazi inamfanyaje.