Video za baiskeli Kinoo zafichua pengo katika sera ya michezo na barabara

VIJANA wanaoteremka mabonde ya Kinoo na viunga vyake kwa baiskeli za milimani, kisha wakaziweka video za safari hizo mtandaoni, wameweka hadharani swali ambalo Serikali Kuu na serikali za kaunti hazijalijibu: Je, ni wapi hasa kijana wa kitongoji anaweza kuendesha baiskeli bila kuhatarisha maisha yake?

Kwa mtazamo wa haraka, jambo lenyewe laonekana kuwa mchezo tu. Mmoja hufunga simu kifuani au kamera ndogo juu ya kofia, akateremka kijia cha udongo mwekundu kati ya migomba na ploti za nyumba za kukodisha, na jioni marafiki wakatazama dakika mbili za vumbi na mlio wa breki. Hakuna zawadi, hakuna refa, wala hakuna shirikisho lililotoa kibali.

Hata hivyo, mchezo huu umekwisha kugusa sheria ya filamu, sheria ya kulinda data, kodi ya mapato na usalama barabarani. Nyanja zote hizo zina kanuni zinazoweza kumbana kijana huyo. Kinachokosekana ni mpango wa kumfaidi.

Mazingira ya Kinoo yenyewe yanaeleza kwa nini baiskeli imepata nafasi huko. Wadi hiyo, iliyomo katika eneobunge la Kikuyu, Kaunti ya Kiambu, iko kwenye nyanda za juu zinazopanda kutoka Nairobi kuelekea Limuru. Ardhi yake ni ya miinuko na mabonde, na kinamasi cha Ondiri ambacho ndicho chimbuko la Mto Nairobi kiko jirani, mjini Kikuyu. Mwendeshaji hahitaji kusafiri mbali ili apate mlima wa kumtoa jasho na mteremko wa kumtia hofu.

Isitoshe, eneo hilo lina historia. Ni katika kijiji cha Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu, ambako David Kinjah alianzisha kundi la Safari Simbaz na kuwafunza vijana wengi, wengi wao wakiwa wa familia zisizojiweza, kuendesha na kutengeneza baiskeli. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka wa 2006, akabadilisha leseni na kuendesha kwa bendera ya Uingereza mwaka wa 2008, na hatimaye akashinda mbio za Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi kama fahari ya Kenya. Aghalabu husahaulika kwamba ni kisa cha hasara pia. Kipaji kilitambuliwa na jicho la mtu mmoja aliyejitolea, si na mfumo wa taifa, na kilipokomaa kilikwenda kuvuna kwingine. Waliobaki, ambao hawakuwa na jamaa wa kuwalipia karo na nauli za ng'ambo, majina yao hayajulikani nje ya Kikuyu.

Hapo ndipo video inapopata maana yake. Kamera ya kwanza ya kampuni ya GoPro iliuzwa mwaka wa 2004, na YouTube ikaanza mwaka uliofuata. Mambo hayo mawili, pamoja na simu za mkononi zenye kamera nzuri, yalimwondolea kijana haja ya kusubiri jicho la mwalimu au la mwandishi wa habari. Mwezi Aprili mwaka wa 2009, video ya Danny MacAskill, kijana wa Uskoti aliyekuwa akifanya kazi katika duka la baiskeli mjini Edinburgh, iliwekwa mtandaoni. Ilitazamwa na mamilioni ya watu, naye akaacha kazi ya duka na kuifanya baiskeli kuwa riziki yake.

Mfano huo ndio unaowavutia vijana wengi kote duniani, wa Kinoo wakiwemo. Lakini si vyema kuuchukua bila kupiga hesabu.

Mtandao wa YouTube, kwa utaratibu uliowekwa mwaka wa 2018, humtaka mwenye chaneli awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika muda wa miezi 12 kabla ya kugawana naye mapato ya matangazo, ingawa baadaye njia nyingine ziliongezwa, ikiwemo ya video fupi zinazotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video ya mteremko ya dakika tatu, hata kama kila mtazamaji ataitazama hadi mwisho, itahitaji kutazamwa mara 80,000 ndipo ifikie kiwango hicho. Ambaye video yake ni ya dakika moja atahitaji watazamaji mara tatu ya hao.

Kijana anayenunua bando kwa fedha za kibarua anaelewa uzito wa hesabu hiyo. Kwa wengi, kitakachopatikana ni sifa, marafiki na labda mdhamini wa kuwapa tairi mbili. Riziki ni ya wachache mno.

Serikali kwa upande wake ilianza kuyatazama mapato hayo mapema. Mswada wa Fedha wa mwaka wa 2023 ulipendekeza malipo ya maudhui ya kidijitali yakatwe kodi ya asilimia 15. Baada ya malalamiko, kiwango kilichopitishwa kwa watayarishaji wanaoishi nchini kikawa asilimia 5. Sheria hiyo ilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba na Mahakama ya Rufaa mnamo Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo mwezi Oktoba mwaka uo huo. Kwa kila Sh10,000 anazostahili kulipwa mtayarishaji, Sh500 hukatwa na anayelipa.

Kutoza kodi si dhuluma. Kila raia anayepata hupaswa kuchangia. Ila raia anayetozwa ana haki ya kuuliza amepata nini, na katika suala la baiskeli jibu ni jembamba.

Kabla ya kodi kulikuwa na leseni. Mnamo Mei 2018, Bodi ya Kuainisha Filamu Nchini (KFCB) ilitangaza kwamba wanaotengeneza video za kuonyeshwa umma kwenye mitandao ya kijamii nao walihitaji leseni ya kurekodi, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, ambayo ilitungwa mwaka wa 1962. Tangazo hilo lilizua kelele kubwa, na kwa haki. Sheria iliyobuniwa enzi ambapo filamu ilikuwa ya sinema na magari ya propaganda haiwezi kumvaa kijana mwenye simu bila kumlemea. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, ukiwemo ubunifu wa kisanaa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, hata hivyo, ni jambo tofauti, na vijana wa baiskeli wangefanya vyema kuisoma. Inawaachilia watu wanaohifadhi picha kwa matumizi yao binafsi au ya nyumbani. Lakini video iliyofunguliwa kwa dunia nzima, tena yenye matangazo, haiwezi kuitwa ya nyumbani kwa urahisi.

Mteremko wa kitongoji haupiti jangwani. Hupita mbele ya milango ya watu, kwenye mabomba wanakoteka maji, na mahali wanapochezea watoto. Kamera inayomrekodi mwendeshaji huwarekodi hao wote. Mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza faini ya Sh4.55 milioni shule moja ya Uthiru, jirani kabisa wa Kinoo, kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Katika uamuzi uliotangazwa pamoja na huo, mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa Sh1.85 milioni kwa kutumia picha ya mteja bila ridhaa yake. Aliyedhani sheria hii ni ya makampuni makubwa pekee amepata funzo karibu na nyumbani.

Linalotia wasiwasi zaidi ni usalama. Kamera huipunguza hatari mbele ya macho ya mtazamaji. Mteremko mkali huonekana tambarare kwenye kioo cha simu, jambo linalomfanya mwendeshaji aongeze mwendo, aruke juu zaidi, au aende mahali ambapo hatari yaonekana wazi. Na mahali hapo, kwa mkazi wa Kinoo, ni barabara kuu.

Barabara ya Waiyaki na mwendelezo wake kuelekea Nakuru huukata mji huo. Kazi ya kupanua sehemu ya kutoka makutano ya James Gichuru hadi Rironi ilianza mwaka wa 2017, ikachelewa kupita muda uliopangwa, na kwa miaka mingi wakazi waliishi na michepuko, vumbi na kingo za barabara zisizotabirika. Upande wa pili kuna Southern Bypass, iliyounganisha Barabara ya Mombasa na Kikuyu, ambayo waendeshaji wengi huitumia kwa mazoezi huku malori yakiwapita kwa kasi.

Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakiuawa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni. Kijana anayeinua gurudumu la mbele katikati ya matatu na malori ili apate video ya sekunde 20 anacheza na takwimu hiyo. Asiyevaa kofia ngumu anacheza nayo maradufu.

Wala hatari haipo kwa wasiojua tu. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani na mmoja wa waendeshaji mahiri kuwahi kutoka nchini, alifariki Agosti 27, 2022, alipoanguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 33. Kama mwanamichezo mwenye uzoefu kama huo anaweza kupoteza maisha katika mbio zilizoandaliwa, ni wazi kijana aliye peke yake bondeni, na breki za mtumba, anahitaji zaidi ya ujasiri.

Tatizo la Kinoo ni kwamba limeangukia katikati ya mamlaka kadhaa. Wakazi wengi hufanya kazi na kusoma Nairobi, lakini kaunti yao ni Kiambu. Sera ya usafiri usiotumia injini ambayo Kaunti ya Nairobi iliidhinisha mwaka wa 2015, na ambayo ilitaka asilimia 20 ya bajeti ya barabara itengewe watembeao kwa miguu na waendesha baiskeli, huishia mpakani. Barabara kuu nayo iko chini ya mamlaka ya kitaifa, KeNHA. Kila ofisi inaweza kuinyooshea nyingine kidole, na kweli mtoto wa wawili hukosa wa kumlea.

Sehemu zilizo salama ziko mbali. Msitu wa Karura, uliookolewa kutoka kwa wanyakuzi wa ardhi kufuatia harakati za Wangari Maathai, una vijia ambako baiskeli zinaruhusiwa. Lakini una ada ya kuingia, na kuufikia kutoka Kinoo ni lazima kupita katika msongamano wa magari wa Westlands au vitongoji vya kandokando yake. Anayetafuta usalama huanza kwa kupita hatarini.

Ilhali dawa yake si ghali. Kijia cha baiskeli za milimani hakihitaji lami, viti wala taa. Kinahitaji kipande cha ardhi chenye mteremko, majembe, mifereji ya kuzuia mmomonyoko na mtu wa kukitunza. Jedwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti jukumu la vifaa vya michezo na bustani za burudani. Kiambu, yenye misitu na mabonde, ingeweza kukaa pamoja na Huduma ya Misitu (KFS) na kutenga njia chache zenye alama, ambako vijana wangerekodi watakavyo bila kumgonga mchuuzi wala kumpiga picha mtoto wa mtu.

Shirikisho la baiskeli nalo lingezitazama video hizo kama daftari la vipaji. Si lazima liamini kila linachokiona, kwani video huonyesha mruko mmoja uliofaulu na kuficha kumi ulioshindikana. Lakini lingetumia video kuwaalika vijana kwenye mbio fupi za kupimwa kwa saa, na saa haidanganyi. Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza barani Afrika. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa jezi ya kijani katika Tour de France. Majirani wamethibitisha kwamba mchezo huu si wa Ulaya pekee.

Vijana wenyewe hawana budi kujiwekea kanuni wasizosubiri kuandikiwa: kofia ngumu kwa kila safari, hakuna kurekodi katikati ya magari, kuomba idhini kabla ya kuonyesha sura ya mtu, na kufuta nyuso za watoto. Kundi lenye kanuni hizo litapata mdhamini na mzazi wa kuliamini kwa urahisi zaidi kuliko lisilo nazo.

Serikali imeshapata njia ya kumtoza kodi mwenye video, na iliwahi kumdai leseni. Sasa ni zamu yake kumpa kijia. Bila hivyo, vijana wa Kinoo wataendelea kuteremka popote panapoteremkika, na video ambayo siku moja itatazamwa kuliko zote huenda ikawa ya ajali.